Siku Nane Kati ya Eyasi na Yaeda

Jumatatu, 18 Agosti 2025. Karatu hadi Mang'ola

Tumetoka stendi ya Karatu saa nne asubuhi, watu watatu na mabegi manne. Begi la nne lina vipimo vya VVU, na dada muuguzi hajalitoa mapajani tangu tulipopanda.

Miaka iliyopita tungekwenda na gari. Mradi uliokuwa unatulipia mafuta ulisimama Januari mwaka huu, Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, na wenzetu wengi waliokuwa wakiwafuata wateja vijijini wakarudishwa nyumbani. Dawa bado zipo kliniki. Watu wa kuzifikisha ndio hawapo. Kwa hiyo tumechangishana. Wanakikundi wenzangu wa WAVIU, yaani sisi tunaoishi na virusi vya UKIMWI, wametoa elfu tano tano, muuguzi ametumia likizo yake, na mratibu wa UKIMWI ametuandikia barua ya ruhusa na kutupa vipimo.

Wa tatu wetu ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa huku Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda. Ndiye mkalimani, na ndiye aliyeniambia mwaka jana, "Dada, kwetu mnakuja mkiwa na haraka." Humu nitamwita Kaka. Sitataja jina la mtu yeyote wala la kambi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu, lakini hata isingekuwepo, Wahadzabe wote ni watu elfu moja na mia kadhaa hivi. Ukisema "mama mmoja wa kambi fulani" umeshamtaja.

Barabara inashuka kutoka kwenye baridi ya Karatu, Mlima Oldeani unabaki nyuma, na joto linapanda kila unapozidi kushuka. Kabla hujaiona Mang'ola unainusa. Ni kitunguu, kila mahali.

Jumanne, 19 Agosti. Mang'ola

Harufu hii ninaijua. Nilikuja hapa mwaka 2008 kutoka Kondoa, binti wa miaka kumi na tisa, kutafuta kibarua cha vitunguu. Tulikata majani kwa kisu kuanzia alfajiri, tukajaza magunia ya lumbesa, tukalipwa kwa gunia. Wanunuzi walitoka Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Usiku mji ulikuwa na muziki, pombe na wanaume wenye fedha za mavuno. Mwaka 2011 nikiwa mjamzito nilipimwa, nikakutwa na virusi. Sitasema ilikuwa kliniki gani. Nitasema tu kwamba mhudumu alisimama mlangoni akatangaza kwa sauti, "Wa kopo wakae benchi lile," maana yake sisi wenye makopo ya dawa za virusi, na watu wote kwenye foleni wakageuka kutuangalia. Nilikaa benchi lile. Nilimeza dawa, mtoto akapewa dawa ya maji baada ya kuzaliwa, akapimwa na kupimwa tena. Leo ana miaka kumi na tatu na hana virusi.

Ndiyo maana nimerudi. Najua jinsi mtu anavyoambukizwa mahali hapa. Sipendi mtu atoke mjini aseme kwamba jamii za asili zina "mila hatarishi", akamaliza. Virusi hufuata njia za fedha. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na baadaye tulijifunza jinsi ugonjwa ulivyopita kwenye barabara za malori na miji ya biashara. Mang'ola ni mji wa namna hiyo uliokulia kwenye chemchemi. Maji yanayojaza mifereji ya majaruba haya ndiyo maji ambayo Wahadzabe waliyanywa kabla hakujawa na shamba hata moja. Sasa wamesogezwa kwenye vilima vinavyozunguka, na wageni wanawafikia kutoka pande mbili: vibarua wa vitunguu, na watalii wanaokuja alfajiri kutazama uwindaji na kuacha noti. Noti hizo hazifiki mbali. Kilabu cha pombe kiko karibu kuliko zahanati.

Kuna jambo linanikera kila mara nifunguapo takwimu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 unasema asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na Njombe ni asilimia 12.7. Hesabu inakwenda kwa mikoa. Watu elfu moja na ushee wakigawanywa kati ya mikoa kadhaa, hawaonekani kabisa. Ofisini mtu atakwambia, "Huko hakuna tatizo." Amejuaje?

Leo tumepima vibarua na baadhi ya Wahadzabe waliokuja mjini kuuza asali. Majibu yao ni yao.

Jumatano, 20 Agosti. Kambi ya kwanza

Tulifika saa mbili asubuhi, kambi ya watu thelathini hivi chini ya mibuyu. "Mtana," tulisema, wakaitikia. Wanawake walikuwa wanajiandaa kwenda kuchimba mizizi, wakakubali kutusubiri. Watoto walikuwa wanatwanga ubuyu kwa mawe.

Muuguzi alianza kama alivyofundishwa: VVU ni wadudu wadogo wanaoingia kwenye damu. Kaka akatafsiri. Kimya. Kisha mzee mmoja akauliza, na Kaka akasita kabla ya kutuambia: "Anauliza wadudu hao wanafukuzwa kwa moshi wa mti gani."

Mwingine akataka kujua kama wanauma usiku au mchana. Mama mmoja akauliza kwa nini basi mtoto wa mjini aliyelala ndani ya nyumba yenye mlango naye anaugua.

Hakuna aliyecheka, na halikuwa jambo la kucheka. Hawa ni watu wanaopanda mbuyu kwa vigingi na kuwatuliza nyuki kwa moshi ndipo watoe asali. Ukiwaambia wadudu, wanakuuliza maswali ya mtu anayewajua wadudu. Kaka alikaa chini kwenye jiwe. "Dada," aliniambia, "tangu niko shule nikitafsiri semina, nimesema wadudu. Ni neno lenu, nililichukua kama lilivyo. Nimewaambia watu wangu miaka sita kwamba ni wadudu."

Tukafunga daftari la muuguzi. Saa nzima iliyofuata haikuwa yetu, ilikuwa yao. Yule mzee akapendekeza sumu ya mshale. Mnyama akipigwa mshale wenye sumu, alisema, hukimbia akiwa na nguvu zake zote. Ukimwona huwezi kujua. Sumu inatembea kwenye damu taratibu, na wewe unamfuata kwa nyayo mpaka umkute ameanguka. Mimi nilifurahi mno, maana sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri namna hiyo kwamba mwenye virusi anaweza kuonekana mzima miaka mingi. Nilitaka tuandike palepale.

Bibi mmoja akakataa. Alikuwa anasuka kamba na hakuinua macho. "Mshale una mwenyewe," Kaka alitafsiri. "Ukisema sumu, watauliza nani amerusha. Watamtafuta mwanamke."

Alisema kwa sentensi tatu jambo ambalo semina nyingi nilizokaa hazikuwahi kulifikia. Nilinyamaza, na mzee naye alikubali. Wakarudi kufikiri. Mwishowe wakakubaliana na kitu kingine: ndani ya mwili kuna walinzi wa kambi, wanaokaa macho usiku. Huyu mgeni, yaani kirusi, akiingia hapigani na wewe, anawamaliza walinzi mmoja mmoja, kimya kimya. Walinzi wakiisha, ndipo kifua kikuu, homa na kuharisha vinaingia bila kuzuiwa, na hivyo ndivyo vinavyoua. Dawa inamlaza mgeni usingizi. Haimtoi, lakini akilala, walinzi wanaongezeka tena. Ukiacha dawa, anaamka.

Bibi aliuliza kama mgeni aliyelala anaweza kwenda kwa mtu mwingine. Nikajibu mwenyewe, nikitumia maneno yao: akilala usingizi mzito hadi kipimo cha maabara kisimwone, haendi kwa mume wala kwa mke mnapolala pamoja. Nikawaambia kwamba mimi ninaye, na amelala tangu miaka mingi. Yule bibi akaacha kusuka. Akanitazama usoni, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama mtu anayepima kama tunda limeiva.

Baadaye alikuja binti kutaka kupima. Fomu ikauliza tarehe ya kuzaliwa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mwenye miaka 15 anaweza kuridhia kipimo mwenyewe, lakini binti huyu hajui mwaka, na mama yake anajua tu kwamba alizaliwa msimu ambao asali ilikuwa nyingi na mto ulijaa. Muuguzi aliweka kalamu chini. Walihesabu pamoja: ndugu aliyemtangulia, mwaka shule ilipofunguliwa, mwaka wa ukame. Ilichukua muda kuliko kipimo chenyewe.

Alhamisi, 21 Agosti. Njiani, Karatu hadi Mbulu

Vumbi siku nzima. Mbulu ni baridi, na sokoni wanauza vitunguu saumu kwa mafungu makubwa. Wenyeji Wairaqw wanatusalimu "Saita", nasi tumejifunza kuitikia.

Usiku gesti nimesoma tena kwenye simu Mkataba wa Toronto wa 2006, mpango wa watu wa asili wa dunia nzima kuhusu VVU. Msingi wake ni kwamba wenyewe wana haki ya kuamua mambo ya afya yao, na ya kuelezwa kwa lugha na utamaduni wao. Mwaka uliofuata, Septemba 2007, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, na Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Hapa nchini neno lenyewe lina ubishi, wapo wanaosema sote ni wa asili. Sina haja ya kubishana. Nakumbuka tu bibi na kamba yake jana. Aliifanya kazi ya mkataba ule bila karatasi.

Ijumaa, 22 Agosti. Yaeda Chini

Kutoka nyanda za juu unashuka ukingo wa bonde kwa bodaboda, ukiomba breki. Chini ni kweupe kwa joto, na vilima vya mawe na mibuyu vinaonekana kwa mbali. Huku Wahadzabe wa Mongo wa Mono na Domanga walipata hati za ardhi yao mwaka 2011, na misitu wanayoitunza inawapa fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kuacha miti isimame ifyonze hewa hiyo. Sehemu inalipia ada na matibabu. Nimeona tofauti: mtu mwenye ardhi anakupokea kama mwenyeji.

Mzee mmoja nilimsalimia shikamoo, akaniambia kwao hawasalimiani hivyo, kisha akacheka na kunikaribisha kivulini. Alikuwa mtoto serikali ilipowakusanya Wahadzabe hapa Yaeda Chini miaka ya 1960 wakae kijijini na kulima. Watu waliugua mahali pamoja, wengine walikufa, waliobaki wakarudi porini. "Kwa hiyo mtu akija na sindano akasema kaeni pamoja tuwatibu," alisema, "sisi tunaangalia kwanza njia ya kutokea." Nimeliandika hili kwa sababu ofisini linaitwa "mwitikio mdogo".

Jioni tulikaa na wanawake wa Kidatoga, jamii ya wafugaji. Mama mwenye sketi ya ngozi yenye shanga alitutafsiria, na alifanya hivyo kwa ukali mtamu, akirudisha swali kwetu kila tulipojibu nusu. Wadatoga wana baraza la wanawake, girgwageda gademga, ambalo linaweza kumwita mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza ng'ombe. Si jambo la kuigiza kwa wageni, ni mahakama yao.

Mmoja alisema wanaume wasiotaka kupima waitwe mbele ya baraza. Wengine wakapiga vigelegele. Nilijikuta katikati, maana moyo wangu ulikuwa pamoja nao, lakini nimewahi kutangazwa mlangoni. Nikawaeleza kwamba sheria haitaki mtu alazimishwe kupima, na kwamba majibu yakishafika barazani hayarudi tena kuwa siri, na wa kwanza kuumia watakuwa wanawake waliopima kliniki ya wajawazito kabla ya waume zao. Mabishano yakawa marefu, mengi hatukutafsiriwa. Mwisho mama mkalimani alisema: wamekubaliana kwamba mwanamume atakayempiga au kumfukuza mkewe kwa sababu ya majibu, huyo ataitwa. Na faini wanaijua wenyewe.

Nimeshiriki kampeni nyingi zenye fulana na mabango. Sikumbuki iliyoondoka na adhabu halisi mikononi mwa wanawake.

Jumamosi, 23 Agosti. Vilimani

Kwa miguu, saa tatu za kupanda. Kambi ndogo kuliko ya kwanza. Kaka ana shangazi hapa, akatangulia kusema tumekuja kwa nini, ili anayetaka kutukwepa apate nafasi.

Hakuna aliyetukwepa. Jioni mwanamke mmoja alimwambia Kaka anataka kuzungumza nami, si na muuguzi. Tukaenda nyuma ya mwamba. Akatoa kopo jeupe ndani ya mfuko wa ngozi. Alikuwa amelijaza nyuzi za ganda la mbuyu lisilie. Nilikaribia kulia mimi. Mwaka wangu wa kwanza nililijaza langu pamba kwa sababu hiyohiyo. Kila mwenye virusi anaijua sauti ya vidonge vikicheza ndani ya basi.

Kopo lilikuwa tupu. Alipewa dawa za miezi mitatu, akazimeza zote, kila siku moto wa jioni ulipowashwa, maana hana saa, na hakukosa hata siku moja. Masika kambi ilihamia ng'ambo, mito ikajaa, tarehe ya kadi ikapita. Aliporudi kliniki baada ya mvua aliambiwa amekwishaandikwa mtoro. Mtu alimgombeza. Hakurudi tena, wala mimi nisingerudi.

"Mtoro ni nani?" aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu. "Anayekimbia. Mimi nilikuwa hapahapa. Wao wamekuja kunitafuta?"

Tulimwita muuguzi kwa ruhusa yake. Muuguzi alifanya vizuri, alianza kwa pole. Akaeleza kwamba aanze dawa tena haraka, kidonge kilekile kimoja kwa siku, kisha wapime wingi wa virusi. Mgonjwa aliyetulia, ambaye virusi vyake vimefubazwa, anaweza kupewa dawa za miezi sita kwa mara moja. Aliyekatisha huanza na za muda mfupi kwanza.

Mwanamke akafikiri. "Kwa hiyo nimekosa dawa kwa sababu ya mbali, na sasa nije mara nyingi zaidi."

Muuguzi hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo, na sijalipata hadi naandika hapa.

Kaka ndiye aliyesema. Anaweza kuwa msaidizi wake wa matibabu, anayeandikwa kwenye kadi, achukue dawa yeye pale mito ikijaa. Akasema na wengine wawili anawafahamu kambi nyingine, wakimruhusu, atawafikia. Simu anayo. Anachohitaji ni nauli, na kliniki imkubali. Shangazi yake, ambaye nilidhani hasikilizi, alisema kijana huyu tangu mdogo alikuwa anatumwa kupeleka asali kambi hadi kambi na hakuna aliyewahi kupelekewa pungufu.

Usiku mwezi haukuwepo kabisa, wakacheza epeme. Mengi ya ngoma hiyo si yangu kuyaandika. Moto ulizimwa, wanawake wakaimba, na gizani tulisikia njuga za mguuni mwa mwanamume mmoja, kisha mwingine. Yule mwanamke aliimba karibu nami, sauti yake ikiwa juu ya za wenzake.

Jumapili, 24 Agosti. Kushuka

Tumeshuka naye. Miguu yangu imevimba, yeye alinisubiri kila penye kivuli, akichuma matunda ya mkole na kunipa. Muuguzi amemwambia asihamishie vidonge kwenye mfuko wa ngozi, vibaki ndani ya kopo lake na kile kifuko kidogo kinachonyonya unyevu. Kopo ndilo liingie mfukoni. Nyuzi za mbuyu tumekubaliana azifunge kwa nje.

Jumatatu, 25 Agosti. Kliniki

Tulifika wa kwanza. Benchi ni moja kwa watu wote, nikaliangalia hilo kabla ya kitu kingine. Mhudumu aliyekuwepo alikuwa mwingine, kijana mpole, akalifuta lile neno mtoro kwenye faili kwa mstari mmoja na kuandika "amerejea". Kaka akaandikwa msaidizi wa matibabu. Mwanamke akatoa damu kidogo, akapewa dawa za mwezi mmoja. Nauli ya mwezi ujao tumeiacha kwa Kaka, ya mwezi unaofuata tutaanza kuchanga tukifika nyumbani.

Kisha kadi ikauliza anapoishi. Kitongoji, balozi, alama ya karibu na nyumba. Mhudumu akamtazama mwanamke, mwanamke akamtazama Kaka, wakazungumza kwa lugha yao, ndimi zikigonga. Kaka akasema: "Andika kiangazi, halafu nitakutajia maji. Andika vuli, nitakutajia maji mengine. Masika maji ni mawili, inategemea mto."

Mhudumu akaandika la kwanza kwenye mstari. La pili akaliandika pembeni. Nafasi ikaisha, akaigeuza kadi, akaendelea kuandika nyuma.